Nukta Sijaziona

Mikumi,
21 Julai 2024

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na lile goti lililokusumbua mwezi uliopita limeshatulia. Mimi sijambo, ila baridi ya huku mwaka huu ni ya kulala na soksi. Tembo wameingia tena kwenye shamba la shule wakamaliza mahindi. Mlinzi anasema aliwafukuza mwenyewe, lakini sisi tulimsikia akipiga kelele akiwa amejifungia stoo.

Nimeandika barua kwa sababu meseji zangu siku hizi hujibu. Umesema maandishi ya simu ni kama sisimizi, basi haya hapa makubwa, nimempa kondakta akuletee.

Nina jambo la kazi. Shule kadhaa za sekondari za huku kwetu tumefanya jaribio la hesabu za msingi kwa kidato cha kwanza. Hakuna maajabu: kujumlisha, kutoa, kuzidisha, kugawanya, sehemu na desimali. Tunataka kujua mtoto amefika na nini mkononi kabla hatujamrundikia aljebra. Atakayepungukiwa ataingia darasa la marudio kila jioni. Ili mtu asiwapendelee wanafunzi wake, tulibadilishana karatasi, na mimi nikaangukiwa na za shule moja ya hapo Kilosa. Kila mtoto ameandika na shule ya msingi aliyotoka. Nilipoona jina la shule yako nilifurahi kama niliyekutana na ndugu stendi. Watoto wako wa mwaka jana! Nikachemsha chai kabisa, nikakaa.

Mama, sehemu wanazijua kuliko wanafunzi wangu. Kugawanya wanagawanya vizuri. Lakini kwenye desimali wameanguka, na wote wameanguka namna moja. Tarakimu ziko sawa, ila nukta haipo, au imewekwa popote palipokuwa na nafasi. Kuna binti anaitwa Naishorua, amejumlisha 3.75 na 12.5 akapata 1625. Kazipanga vizuri, kajumlisha vizuri, kisha nukta kaiacha kama kitu kisichomhusu. Watoto wa shule nyingine nao wanakosea, lakini kila mmoja kwa njia yake. Wa kwako wanakosea kama waliofundishwa.

Darasa la saba uliwafundisha wewe peke yako. Nimewaza sana, sijapata jibu. Unaonaje?

Wasalimie majirani wote.

Mwanao,
Yusrah

*

Kilosa,
28 Julai 2024

Mwanangu Yusrah,

Marahaba. Barua imefika, kondakta kaileta mpaka mlangoni, nami nikampa maji ya kunywa. Goti limepona. Mimi mzima wa afya, namshukuru Mungu, na wewe vaa sweta.

Sasa hilo la nukta. Mtoto akimaliza mtihani wa darasa la saba mwezi wa tisa anakaa mitaani mpaka Januari. Analima, anachunga, anauza maandazi. Unategemea akumbuke nini? Huyo Naishorua namfahamu sana, ana akili nyepesi, lakini baba yake anahamia Msowero na ng'ombe kila malisho yakipungua, na yeye anakwenda naye. Ndiyo maana amesahau. Daftari zao nilizisahihisha kwa mkono wangu na zilijaa vema. Mtihani wa taifa walifaulu. Najua utasema maswali mengi kule ni ya kuchagua, nukta mtoto anaikuta imeshawekwa. Sema tu, lakini walifaulu.

Mwezi wa kumi na mbili nastaafu. Mwalimu Beda, mkuu wetu, ameshaanza kupanga sherehe ya kuniaga, na anataka nisimame nieleze siri ya kufundisha hesabu miaka yote hii. Usije ukawaambia wenzako huko kwamba mama yako hakufundisha nukta. Nilifundisha.

Nimekutumia karanga. Nimezichambua mwenyewe.

Mama yako

*

Mikumi,
4 Agosti 2024

Mama yangu,

Shikamoo. Karanga zimefika, ahsante sana. Huku tunaendelea vizuri, baridi imepungua na sweta nimevaa.

Barua yako imenifurahisha kwa unene wake. Karatasi tano! Nikajua leo Mama ameniandikia habari za wilaya nzima, kumbe ni maneno ya karatasi moja, kwa maka peni ya kuandikia mabango. Na karanga zako zimenivunjia jino kidogo. Nimetoa mawe matatu. Mama yangu ninayemjua mimi alikuwa anaona jiwe kabla karanga hazijatoka kwenye gunia.

Basi, nakutania tu. Naomba msaada. Nataka kuwapa wanafunzi wangu karatasi ya hesabu kumi za desimali zilizokwisha kujibiwa, wao watafute zilizo sahihi na zilizokosewa. Nimeiandika kwa kalamu ya kawaida, ukubwa uleule wa daftari la mtoto. Nipitishie macho kwanza, uweke vema na kosa, maana hakuna anayesahihisha kama wewe. Ukimaliza mpe kondakta.

Ninakuombea afya.

Mwanao,
Yusrah

*

Kilosa,
25 Agosti 2024

Mwanangu,

Marahaba, ingawa shikamoo yako imeshapoa. Samahani kwa kukuweka wiki tatu. Nilikuwa nimekukasirikia, halafu nikajikasirikia mimi, na hasira hiyo ya pili ilichelewa kuisha.

Nimeuona mtego, Yusrah. Nukta sijaziona.

Karatasi yako niliipeleka dirishani. Niliipeleka uani kwenye jua. Nikamvua Mwalimu Beda miwani yake mbele za watu nikijifanya namtania, nikaitazama nayo. Tarakimu naziona kama kwa kupitia chandarua. Kati ya tarakimu na tarakimu sioni kitu. Ukungu huo ulianza mwaka juzi, jicho la kulia kwanza. Ubaoni sina shida, naandika kwa mazoea, hata ukinifunga kitambaa nitaandika. Daftari ndizo zilizonishinda. Nilikuwa natafuta tarakimu, zikiwa sawa natia vema, nukta nadhani ipo. Mtoto ni mwepesi kujua mwalimu anaangalia nini na haangalii nini. Mimi niliwafundisha nukta kwa mdomo, kisha kwa kalamu nyekundu nikawafundisha kwamba haina kazi.

Kwa nini sikusema? Naogopa, mwanangu. Bibi yako alikwenda hospitali kutolewa mtoto wa jicho akiwa anaona kidogo, akarudi haoni kabisa. Nilimshika mkono mimi mpaka chooni kwa miaka sita. Na nikisema kazini watanipumzisha kabla ya wakati. Mimi bila ubao sijui ni nani.

Lakini nijibu hili kwanza. Naishorua na wenzake wamewekwa darasa la marudio kwa sababu yangu?

Mama yako

*

Mikumi,
28 Agosti 2024

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo, tena shikamoo. Sijambo, ila nimelia, na mwenzangu wa chumbani alidhani nimefiwa. Nimelia kwa sababu umeishi miaka miwili ndani ya ukungu na mimi niko hapa Mikumi, basi moja tu kutoka kwako.

Nimempigia Mjomba Abubakari. Anasema wewe hukuambiwa yote kuhusu Bibi, walificha ili usigombane na shangazi zako. Kabla ya hospitali, wao walimtia Bibi dawa ya majani machoni kwa wiki nzima. Alipofikishwa, jicho lilikuwa limeshaoza ndani. Daktari alijaribu tu. Jicho lako halijatiwa kitu, Mama. Na usitie.

Mjomba ameshakuchukulia nafasi kwa daktari wa macho huko Morogoro, Jumatatu ijayo. Mimi nimeomba ruhusa, nakuja Jumamosi. Tutapanda treni ya umeme hapo Kilosa, na usiniambie goti linauma, umesema limepona.

Swali lako nalijibu kama ulivyolitaka. Ndiyo, wote wamewekwa darasa la marudio. Watapimwa tena mwezi wa kumi.

Ile karatasi usiitupe. Hesabu zenye namba witiri zote ni sahihi, zenye namba shufwa nimezikosea makusudi. Tano kwa tano. Ukirudi utaisahihisha kwa macho yako, na mimi nitaitundika ukutani.

Usiogope. Nitakushika mkono.

Mwanao,
Yusrah

*

Kilosa,
13 Oktoba 2024

Mwanangu Yusrah,

Marahaba, maana najua umenisalimia hata kabla ya kufungua bahasha. Tazama, karatasi moja, kalamu ya kawaida. Jicho la kulia limeshatolewa mtoto wa jicho na ni zima, la kushoto daktari atalifanyia mwezi ujao, na safari hii nitakwenda bila kuvutwa.

Tangu ulipoondoka nimeona mengi ambayo nisingependa kuyaona. Nyumba yangu ni chafu, buibui wamejenga mtaa kwenye dari, na majirani wamekuwa wakinywa chai humu bila kusema neno. Kwenye kioo nimemkuta mwanamke mzee. Lakini siku ile tunarudi na treni, ulipokuwa umesinzia, nilikuwa nahesabu mistari ya mkonge dirishani, mmoja mmoja, na nilikuwa nalia kwa furaha. Sikukuamsha, ungeanza na wewe.

Kazini nimesema ukweli. Mwalimu Beda alinisikiliza, kisha akadai pole kwa ajili ya miwani yake. Hakuna aliyenipumzisha. Kisha nikaenda sekondari kwa Mwalimu Gabrieli anayewafundisha hesabu, nikamwomba aniitie watoto wangu. Walisimama wote, "Shikamoo Mwalimu!" kama zamani. Nikawaambia: "Kosa la nukta si lenu, ni langu. Nilikuwa sioni, nikaona haya kusema, nikawapa vema zisizo zenu." Naishorua akanyoosha mkono. Akasema, "Mwalimu, sisi tulijua ni mapambo. Ukiiweka unapata vema, usipoiweka unapata vema. Ikawa tunaiacha tusichafue daftari." Walicheka, na mimi nikacheka.

Toka siku hiyo nimekuwa nao kila Jumamosi. Tumepima mafuta ya taa, tumepima vitambaa, tumepima maziwa ya ng'ombe wa mama yake Naishorua. Alhamisi wamepimwa upya na karatasi zimesahihishwa shule nyingine, mimi sikuzigusa. Wametoka darasa la marudio wote isipokuwa wawili, na hao wawili bado ni wangu. Naishorua ameweka nukta zake kubwa kama punje za mtama, anasema Mwalimu asije akapata shida tena.

Sasa karatasi yako. Nairudisha humu ndani. Uliniandikia tano kwa tano, namba witiri zote sahihi. Sahihi ni nne. Namba saba umezidisha 0.3 kwa 0.3 ukapata 0.9, ukaiweka upande wa zilizo sahihi. Niliitazama dirishani, nikaitazama uani, nikaenda nayo mpaka kwa Mwalimu Beda nikidhani jicho jipya linanidanganya. Halinidanganyi. Ni 0.09, mwanangu, na mwalimu wa sekondari mzima umeikosa macho makavu.

Nimekuwekea kosa kwa kalamu nyekundu. Irudie, uje nayo Jumapili. Karanga nimezichambua, hazina jiwe hata moja.

Mama yako