Bibi na Mafuta ya Taa

Rali, uko wapi?

Nimeingia jikoni nikamkuta bibi Stoyanka amejipaka mafuta ya taa kichwa kizima, kajifunga mfuko wa nailoni, halafu anachoma pilipili hoho kwenye jiko la gesi. Moto unawaka, Rali! Na yeye kauinamia!

Nikazima gesi, nikamvuta mkono. Yeye ndiye kakasirika! "Zori, una wazimu? Pilipili zangu!"

"Bibi, ungewaka kama kibatari!"

Unajua kanijibu nini? "Mama yangu alijipaka haya haya, na alizikwa na nywele zake zote." Hivyo hivyo, kanikazia macho.

Halafu akakaa, sauti ikashuka. "Kiril anakuja kesho. Miaka tisa yuko Ujerumani. Sitaki mwanangu anikute na kipara."

Kipara, Rali. Bibi huyu huyu anayegombana hata na daktari.

Nimemwosha kwa sabuni ya vyombo mara tatu, madirisha yote wazi. Ngozi imekuwa nyekundu, na nywele zilikuwa zinabaki mkononi mwangu. Si moja wala mbili, fungu zima.

Akauliza, macho kayafumba kwa sababu ya povu, "Zimetoka?"

Nikasema, "Hata moja, bibi."

Nimezificha mfukoni mwa aproni. Sasa ameniagiza kioo. Nimesimama mlangoni nacho mkononi, na yeye anaita, "Zori, mbona hukileti?"