Mlango Hauuzwi Bila Komeo

Dada yangu mpendwa,

Jana simu ilipokatika nilikuwa bado natafuta maneno, kama kawaida yangu. Kwenye karatasi sina haya, kwa hivyo nisikilize hapa.

Ulisema Jumatatu kampuni yenu itaamua bei ya ile programu ambayo chama cha Mama kinawekea akiba. Bosi wako anataka ile namba ya pili, inayotumwa kwenye simu kabla mtu hajaingia, iwe ya wanaolipia tu. Wengine wabaki na neno la siri peke yake. Nawe ukasema, "Mimi ni mgeni hapa, nitanyamaza."

Usinyamaze. Unamkumbuka Mama Achieng', jirani yetu wa chumba cha pili kule ploti ya Lindi?

Marehemu Baba alikuwa akichomelea milango pale stendi ya Kawangware 56, na Mama Achieng' akaja kuagiza mmoja. Mimi nilikuwa nimeketi juu ya vyuma na kitabu changu, wewe ukinicheka. Akasema, "Fundi, toa hilo komeo unipunguzie. Nitafunga na kamba. Kwangu kuna nini cha kuibiwa?"

Baba akalitoa.

Wiki haikuisha. Mwizi aliingia kwake mchana, akapanda kiambaza cha kati yetu kisichofika paa, akashukia kwetu. Aliondoka na redio na cherehani ya Mama. Kufuli letu kubwa tulilikuta mlangoni, halijaguswa. Ukasema, "Oneni, hata mwizi ameliheshimu!" Mama hakucheka.

Kesho yake Baba alimpelekea Mama Achieng' komeo bila kumdai kitu. Tangu siku hiyo, mteja akiomba litolewe, alijibiwa: "Mimi nauza mlango. Bila komeo, hicho ni kibati cha kuzuia upepo." Wenye maduka waliotaka grili na maua ya chuma ndio aliowalipisha zaidi. Na mlango haukutoka kabla hajakupa nondo: "Vunja." Ni wewe uliyemwonyesha kwamba bawaba zinang'oka kwa nje, akazihamishia ndani.

Programu yenu ni ploti kama yetu, vyumba vingi chini ya paa moja. Mwizi akiingia kwa mama mmoja, atawaandikia wenzake wote kwa jina lake, nao watamwamini. Kwa hivyo hiyo namba ya pili iwe ya kila mtu, bei yake ikae ndani ya bei ya mlango. Kampuni kubwa zilipie ripoti zao, na mtu wa kuwapokelea simu saa zote. Na kabla hamjauza chochote, mpeni mtu nondo ajaribu.

Watasema haya ni maneno ya mtoto wa shule. Sawa. Usiwaambie yametoka kwangu. Baba hayupo wa kuwaeleza, ila wewe upo, na katika jambo hili wewe si mgeni hata kidogo: umevunja milango mingi kuliko wote watakaoketi kwenye mkutano huo.

Mama anakusalimu. Anasema chama kinakutana Jumapili, na wote wanakuombea.

Mdogo wako,
yule wa juu ya vyuma