Jiwe la Mlango wa Cucu

Jumapili, 4 Agosti 1974

Shule zimefungwa, na Mutahi amepewa siku nne za likizo huko Wizara ya Ujenzi. Nilidhani hatimaye atatengeneza mlango wa choo. Wapi! Baada ya chakula ametandaza ramani mezani, juu ya sahani ambazo sijaondoa, akatangaza kwamba familia nzima inakwenda kuokota mawe. Kianyaga, juu ya mashamba ya chai, kando ya mto, karibu na msitu. Tutalala nje kwenye hema siku tatu.

Kulala nje. Agosti! Hapa Ruring'u tu, ndani ya nyumba, nimevaa sweta mbili.

Wenzangu wameolewa na walevi, mimi nimeolewa na mtu wa mawe. Kazini anapima kokoto za barabara, jioni anarudi na mengine mfukoni. Hulilamba jiwe rangi yake itokee, kisha anatuambia limetoka wapi. Hana suruali ambayo mfuko haujatoboka. Watoto wamefurahi mno. Watiri, mwenye miaka minane, ameshaanza orodha ya vitu vya kubeba. Gatimu, mwenye mitano, anauliza fisi wa Kianyaga hula nini.

Jumanne, 6 Agosti

Orodha ya Watiri imefika kurasa mbili. Nyundo, magazeti ya kufungia mawe, stovu, mafuta ya taa, maharagwe, unga, blanketi zote. Ameandika "mama" kati ya sufuria na kisu. Nashukuru nimekumbukwa.

Simeon, rafiki yake Mutahi wa kazini, atatuazima pikapu. Turubai kuukuu nimelipeleka kwa Mwanaisha, fundi wa cherehani mjini, alishone liwe hema. Alicheka mpaka akatoa mguu kwenye pedeli. "Kwani Mwalimu, mwenye nyumba amewatoa?"

Cucu hajaambiwa. Ni mama yake Mutahi, bibi ya watoto, anakaa nyumba ya nyuma, hatua ishirini kutoka jikoni kwangu. Mutahi anasema nimwambie mimi. Mimi nasema mama ni wake.

Alhamisi, 8 Agosti

Amemwambia. Hakuchagua maneno wala saa.

Cucu alikuwa anachambua maharagwe. Hakuinua kichwa. "Mimi nililala msitu kwa sababu ya shida," alisema. "Wewe unapeleka watoto walale huko ati kwa raha?" Akaongeza kwamba Gatimu haendi. Sisi wengine tukitaka kufa kwa baridi, shauri yetu.

Ndipo Mutahi akamuuliza, polepole, lile swali lake. Baba alibaki wapi? Na jibu likawa lile lile la siku zote: alichukuliwa. Nani alimchukua, lini, akampeleka wapi, hasemi. Mutahi alikuwa na miaka kumi, wakati wa Emajensi, Waingereza walipokuwa wanapigana na watu wa msituni. Baba yake alitoka jioni moja, hakurudi. Mutahi ameandikia ofisi tatu. Jina halimo kwenye orodha yoyote, si ya waliofungwa, si ya waliokufa.

Alitoka nje akasimama kwenye manyunyu bila koti. Nilimhurumia. Na Cucu nilimkasirikia, nakiri hapa ambapo hatasoma. Miaka ishirini na neno moja tu!

Ijumaa, 9 Agosti

Mvua. Hakuna anayesema na mwenzake. Mutahi anasema safari iko palepale. Nimepika chapati, nusu zimeungua.

Jumapili, 11 Agosti

Baada ya kanisa Watiri alifungua makumbusho yake kwenye kreti ya soda, kila jiwe na karatasi yake. Gatimu akaona anaachwa nyuma. Akapotea kidogo, akarudi amekumbatia jiwe karibu limshinde. Lilikuwa linadondosha maji. Ameliosha kwa sabuni yangu ya unga, nusu pakiti!

Jeusi, limejaa punje nyeupe kubwa, kama mahindi. Mutahi alililamba. Akauliza limetoka wapi.

"Kwa Cucu. Ndiyo inashikanga mlango."

Miaka tisa nalipita jiwe hilo, nimejigonga kidole mara mbili. Mutahi naye hulipita kila siku, lakini lilikuwa na masizi na matope, nani angejua.

"Hii si ya huku," alisema. "Hii ni ya mlima, juu, ndani kabisa ya msitu. Haiwezi kujileta mpaka Ruring'u." Kisha akakaa kwenye ngazi, jiwe mapajani, mikono yote miwili juu yake. Sijawahi kuona akishika jiwe hivyo.

Cucu alitokea. Mlango wake ulikuwa unapigapiga kwa upepo, akaja kutafuta. Angekuwa Watiri, angeona fimbo. Lakini Gatimu ana jina la babu yake, na kwa desturi yetu huyo ndiye mume wa Cucu amerudi. Hamwiti jina lingine. Humpakulia kwanza, hamgombezi, na akiomba kitu hakatazwi. Sisi wengine tunakataliwa kwa niaba yake.

"Mume wangu," alisema, "nirudishie jiwe yangu."

"Hapana. Inaenda kuona wenzake."

Cucu akatafuta mahali pa kushika, akashika ukuta.

"Na wewe unakuja," Gatimu akamwambia. "Utashika tochi."

Mutahi alikuwa anamtazama mama yake, naye anatazama jiwe. Cucu akaliinua mwenyewe, akalifunga kwa leso, akaondoka nalo. Mlango wake usiku huu ameuegemezea kigoda.

Jumatatu, 12 Agosti

Nilimpelekea maziwa. Jiwe lilikuwa kitandani, bado limefungwa. Nikajikaza. Nikamuuliza, Mama, lilitoka wapi?

"Ukiuliza ilitoka wapi, utauliza tena nani aliibeba," alisema. "Na wakati ule ungeuliza, tungechomewa nyumba." Akanywa maziwa yote. Halafu akauliza kama ile gari ya Simeon inaingiza baridi mbele.

Sijamwambia Mutahi. Nimeogopa. Amekaa na ramani tena, lakini kidole chake hakiko Kianyaga, kinatembea msituni, kinatafuta. Mlima ni mkubwa.

Jumatano, 14 Agosti, asubuhi

Tuko mjini, stesheni ya mafuta. Naandikia gotini, mwandiko utakuwa wa kuku.

Saa kumi na mbili tulipotoka na masufuria, Cucu alikuwa ameshaketi kwenye pikapu. Mbele, katikati. Koti, gambuti, leso mapajani, na ndani ya leso najua ni nini. Mutahi alikwenda kukaza kamba ambazo zilikuwa zimekazwa. "Nilimwambia," Gatimu akasema, kama mtu aliyemaliza kazi. Nimebanwa mlangoni na yeye amenikalia. Watiri yuko nyuma na hema la Mwanaisha na orodha yake.

Ukungu. Mlima hauonekani hata kidogo.

Mutahi ameshuka kulipia petroli. Alipofunga tu mlango, Cucu aliniuliza barabara ya Kianyaga ni ipi. Nikamwonyesha, ile ya Karatina. Akatikisa kichwa.

"Hapana. Kiganjo. Halafu Naro Moru. Kutoka hapo nitaonyesha mimi."

Gatimu akamuuliza kama huko pia kuna mawe.

"Iko mingi, mume wangu. Siku hiyo hatukuwa na jembe. Nilipanga moja moja na hii mikono, mpaka ukafunikwa vizuri. Hii moja nikarudi nayo, nisisahau."

Alimwambia yeye, si mimi. Ukafunikwa: alikuwa anasema na mumewe, aliyemzika kwa mawe. Machozi yananitoka na sina kitambaa.

Mutahi amerudi. Ameketi, amewasha gari, mkono uko kwenye gia. Anauliza, haya, Karatina? Cucu anatazama kioo cha mbele. Gatimu amegeuka, amemshika baba yake mkono wa koti, anafungua mdomo —