Chupa ya Lavenda Iliyomngojea Wifi

Liège, Ubelgiji

Ngoie, mdogo wangu,

Kosa la watu wengi kuhusu mafuta haya ya lavenda ni kuyapakaa kama sisi wa Kamina tunavyopakaa mafuta ya ngazi, yale ya michikichi, baada ya kuoga: unamimina kiganjani, unasugua shingo, kifua na mikono mpaka mwili ung'ae. Mimi nimelifanya kosa hilo. Na kabla sijajua kuwa ni kosa, nilikuandikia wewe ulifanye, tena kwa mtoto mchanga.

Lakini nisikurukie bila salamu kama mtu anayekimbizwa. Hujambo? Magoti yanasemaje na baridi ya kipwa, kiangazi chetu kisicho na mvua? Binti yako Sara anapata maziwa ya kutosha? Na Mwadi, mjukuu wetu wa wiki sita ambaye bado sijamshika, analia kwa sauti au ni mpole kama mama yake alivyokuwa? Mimi ni mzima. Banza mwanangu na mkewe Klara wananitunza vizuri, ingawa wananilisha saladi kupita kiasi.

Jana tulipoongea simu ilikatika kabla sijaeleza vizuri, na unanijua, nisipoeleza jambo tangu mwanzo silali. Kwa hiyo ninaandika, na Banza ataipiga barua hii picha na kuituma kwenye simu ya Sara sasa hivi, maadamu umeme umerudi kwenu.

Mnapojifunika mablanketi huko, huku ni majira ya joto. Usidhani ni joto kama letu la mwezi wa kumi. Nyumba za huku zimejengwa kwa kuzuia baridi, basi joto likishaingia halijui mlango wa kutokea. Sisi tunakaa ghorofa ya juu kabisa, chini ya paa. Shingo yangu ikatoka vipele, usingizi ukapotea, nikawa mzee wa kunung'unika. Klara, ambaye unajua ni muuguzi, akaniletea kichupa cha lavenda, ua la zambarau lenye harufu tulivu. Akaniambia, "Papa, tone moja kwenye kitambaa, weka karibu na mto." Nikafanya hivyo, na kweli nikatulia. Harufu ile ilinifurahisha mpaka nikanunua chupa ya pili kwa ajili yako, nikampa mama mmoja wa kanisa aliyekuwa akirudi Lubumbashi, aipandishe treni ya Kamina. Ndani ya bahasha yenye chupa hiyo niliweka karatasi. Ulikuwa umeniambia kuwa Mwadi naye ana vipele mgongoni, basi nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri wa ubaoni: "Mjipakae baada ya kuoga, na mtoto pia."

Wiki iliyofuata, alasiri moja ya joto kali, nilitoka kuoga nikajiambia: kama tone moja linatuliza pua, kiganja kizima kitatuliza mwili. Nikamimina. Kwa muda mfupi nilisikia ubaridi mtamu. Kisha shingo ikaanza kuwaka kana kwamba nimepakwa pilipili, na kifua kikawa chekundu. Nikaita.

Klara alikuja mbio. Yeye ni mtoto wa mfanyakazi wa reli, kazaliwa Luena huko kwetu Kongo, na akishtuka anarudi kwenye Kiswahili cha nyumbani.

"Papa! Ulijipakaa yote hivi? Iko mafuta ya ngazi hii?"

"Si ni mafuta?" nikamjibu.

"Mwalimu muzima! Karatasi ya mu kartoni hukusoma?"

"Maandishi yake ni madogo kama mayai ya chawa."

"Basi ungeniita nisome minyi!"

Hakuniosha kwa maji kwanza. Alichukua mafuta ya kupikia, akanifuta nayo kwa kitambaa laini, ndipo akaniosha kwa sabuni na maji. Nilimwuliza sababu, naye akanieleza, na mimi nakueleza: mafuta hukimbia maji lakini hukubali mafuta mwenzake. Ndiyo maana pia hayafai kudondoshwa tu ndani ya beseni la kuogea. Yanaelea juu yakiwa makali vilevile na kukungojea.

Akanieleza na ukali wake unakotoka. Maua mengi sana huchemshwa, mvuke wake unapozwa, na kinachobaki ni mafuta kidogo tu. Fikiria munkoyo, togwa yetu ya mahindi, na lutuku, pombe yetu kali ya kienyeji. Munkoyo unakunywa kikombe kizima na kuongeza. Lutuku iliyopitishwa motoni hukuchoma koo kwa funda moja. Sisi Wamethodisti tunayasikia hayo kwa majirani, lakini mfano unaeleweka.

Nilikuwa bado nimelowa nilipokumbuka karatasi yangu.

Nikamwambia Klara. Akakaa chini. "Mutoto wa wiki sita," alisema. Mimi mzee, ngozi ngumu kama ya ngoma, nimelia kama mtoto. Ngozi ya Mwadi ingekuwaje? Nikakupigia. Simu yako imezimwa. Ya Sara imezimwa. Siku tatu, Ngoie. Nilijua ni umeme, lakini moyo haukubali maelezo ya umeme. Nilijua pia jinsi mnavyoheshimu mwandiko wangu: yaya, kaka mkubwa, ameandika, nani atabisha? Nilikula saladi bila kunung'unika, ndipo Banza akajua mambo ni mazito.

Na jana ukapiga wewe.

"Yaya, minyi njo huyu. Balinambia ulipiga mara kumi na mbili. Kuko muntu alikufwa?"

"Hapana. Ile chupa niliyotuma, mmeifungua?"

"Bado. Ilifika, lakini tuko tunangoya wifi yangu wa Kabongo. Treni yake iko nachelewa. Weye unajua, tukifungua muzigo wa Ulaya bila yeye, ataimba mwaka muzima!"

"Na mtoto?"

"Iko nalala. Yaya, uko nalia ao uko nacheka?"

Vyote viwili, mdogo wangu. Miaka mingi nimeidharau desturi hiyo ya nyumbani kwetu, kwamba kifurushi kutoka mbali hakifunguliwi mpaka ukoo wote umekaa na kila jicho limeona. Niliiita kupoteza wakati. Basi mwambie wifi yako kwamba kwa mara ya kwanza ninamshukuru kwa ulalamishi wake, na treni pia kwa uchelewaji wake.

Kuhusu vipele vya Mwadi, Klara anasema mnamfunika mno. Mpunguzieni blanketi moja, aoshwe kwa maji safi, asipakwe kitu chochote chenye harufu, na vikizidi mpelekeni kwa muuguzi wa zahanati. Lavenda ni yako wewe, unayeamka kabla ya kuku na kukaa chini wa mwisho. Tone moja kwenye kitambaa jioni, umbali wa mkono kutoka kwenye mto wa kulalia, katika chumba asikolala mtoto. Ukitaka kukanda magoti, matone mawili katika kijiko kidogo kilichojaa mafuta ya ngazi. Kwanza jaribu sehemu ndogo ndani ya kiwiko na usubiri mpaka kesho yake. Usiyanywe, hata mtu akisema yameombewa. Na usiyagawe chupa ikaisha siku moja, nakujua.

Nisalimie Sara na mumewe. Mzee wa kanisa aliyekuwa akinisahihishia Kiluba changu. Jirani yetu fundi wa reli na mkewe. Na wifi yako atakaposhuka. Busu la Mwadi liwe kwenye unyayo, ili asiamke.

Sasa, kwa kuwa huyo wifi anasoma vizuri na anaamini kila kilichoandikwa na mwalimu, fanya jambo moja leo, kabla treni haijafika: itoe karatasi yangu ya kwanza ndani ya bahasha, uichane, uitupe motoni.

Yaya yako,
Mwalimu Kabamba