Ndugu wa Bibi wa Chumba cha Tisa

Makao ya Wazee,
Chumba cha Wanaojitolea Na. 4,
Ghorofa ya Pili, Juu ya Jiko.

16 Agosti

Mpendwa Mpwa wangu,

Habari za siku nyingi? U mzima? Ule mgongo uliokuwa ukikusumbua kwa kuinua wagonjwa umetulia? Na mama yako, dada yangu, magoti yake yanasemaje? Mimi mjomba wako niko imara kama nguzo ya umeme, ukiacha mafua ya wiki iliyopita, ambayo nikikutajia ukubwa wake utasema naongeza chumvi, basi nayaacha.

Kwanza ondoa wasiwasi, mjomba wako anajulikana huku. Toka nije kujitolea mwezi wa sita, hakuna mtu jengo zima asiyenifahamu. Mkuu wa makao aliniambia kwa mdomo wake kwamba kwa miaka yake kumi na minane hajapata kuona mtu wa kujitolea kama mimi. Sikumuuliza kwa upande upi, maana wakati huo tulikuwa tumesimama ndani ya povu.

Hilo la povu nikueleze mwenyewe kabla hujalisikia kwa wengine. Walinipa chumba cha kufulia. Mashine yenyewe mlango wake mtu anaingia na godoro lake. Nikatazama kikopo cha kupimia sabuni, nikaona hiki ni cha kufulia leso, nikamimina kama mwanamume. Mpwa wangu, povu lilipita chini ya mlango, likapanda ngazi, likamkuta mpishi anakata vitunguu! Na sweta za wazee, zilizoingia zikiwa za watu wazima, zilitoka za kuvisha vikombe. Babu mmoja alikuja kuulizia yake, nikamwonyesha. Akaigeuza, akasema, "Kijana, sasa nitafutie na mtu wa kuivaa." Tukacheka mpaka akakohoa. Kijana! Mimi na miaka yangu hamsini na miwili. Neno hilo lilinishibisha siku nzima.

Raha ndogondogo zipo. Asubuhi mpishi ananikatia ncha ya mkate ungali unachoma vidole, nami naenda kunywea chai kwenye ngazi za nyuma pamoja na mtunza bustani. Yeye haongei kabisa, kwa hiyo ananisikiliza vizuri sana. Nimeshamsimulia yule nyoka wa kisimani. Safari hii alikuwa mrefu kidogo.

Sasa nifike kwenye jambo lililonikalisha kuandika. Mama yako usimwambie, atasema alijua.

Baada ya povu walinihamishia kulisha wazee. Siku ya kwanza napita na kitoroli cha uji, nikasikia sauti chumba cha tisa: "Mdogo wangu! We mdogo wangu!" Unajua bibi yako alivyotulea. Mtu mzima akiita, unaitika kwanza, kama siye wewe aliyemtaka mtajua mkishaonana. Nikaitika, "Naam, dada!" nikaingia. Bibi amekaa kitini, mwembamba kama ufagio, ananikazia macho. "Umechelewa," akasema. Nikamwambia, "Nisamehe, dada." Akafungua kinywa. Nikamlisha bakuli zima.

Nesi wa zamu akabaki ameduwaa mlangoni. Kumbe bibi yule alikuwa na wiki mbili hapokei ila vijiko viwili vitatu kwa siku, na huyo mdogo wake anayemwita alishafariki zamani. Mimi ningejuaje? Kazi yangu ilikuwa kuitika tu. Nilijisifu, sikufichi. Nilizunguka jengo lote nikitangaza kwamba mkono wangu una baraka ya kulisha, na kwamba nimewahi kuokoa ndama waliokataa kunyonya. Ndama alikuwa mmoja.

Hii ni wiki ya saba sasa. Mashavu yameanza kumrudi. Ananiuliza mambo ya kwao, mkokoteni wa baba ulipinduka wapi, nani alivunja kile kioo, nami najibu, maana majibu sijawahi kukosa. Familia ile sijaiona hata siku moja, lakini nimeshaijua kuliko yetu.

Sasa sikiliza. Siku zangu zinaisha tarehe ishirini na nane. Tiketi imeshakatwa na kibali changu cha kukaa huku kinakoma siku hiyohiyo. Nimeomba waniongezee, mkuu anasema halimo mikononi mwake. Na bibi hapokei kijiko cha mtu mwingine. Tumejaribu. Nesi alimlisha mimi nikiwa nimeketi kando, mdomo ukafungwa kama kufuli. Juzi nilimvalisha nesi koti langu na kofia yangu, akaingia akiigiza na mwendo wangu kabisa. Bibi akamwambia, "Mwanangu, vua nguo za mdogo wangu, utamchafulia." Siku niliyolala na mafua hakula kitu, hata maji aliyatema. Nesi ameniambia wazi kwamba kwa umri ule, siku tano za namna hiyo zinatosha. Zimebaki kumi na mbili niondoke.

Wewe unanijua, mimi si mtu wa kukosa la kufanya. Hata lile lori lilipokatika breki kwenye mteremko nilikuwa na la kufanya. Hili sina.

Basi jana nikajiambia, nitamweleza kweli, labda akijua mapema atazoea wenzangu. Nikavaa shati safi. Nikapiga magoti mbele ya kiti chake nikasema, "Mama, mimi si mdogo wako. Mimi ni mgeni, nilikuja kujitolea, na wiki mbili hazitaisha kabla sijarudi kwetu. Mdogo wako alishatangulia." Sikuongeza hata neno. Mpwa wangu, sidhani kama nimewahi kusema maneno mengi vile kwa mfululizo, yote yakiwa kweli.

Mabega yakaanza kumtikisika kwa kicheko, akanipiga kikofi cha shavu. "We mtoto! Toka udogo wako, ukitaka kukimbia kazi unazua msiba. Lete uji, unapoa."

Nikaleta.

Wewe ni muuguzi, umesoma, mimi niliishia darasa la sita. Umeona wazee wengi. Niambie mwenzio huwa mnafanyaje. Nijibu upesi, hata kama jibu lenyewe ni kwamba hakuna la kufanya, ili nami nilijue.

Nisalimie wanao pacha, mume wako, na Shangazi Kelele, mwambie huku nako napitwa sauti na nesi. Mama yako mwambie nikitua nakuja kwake kwanza kabla ya kufika kwangu. Asishangae nikimtazama sana mezani, wala asiniulize. Anipe tu nafasi karibu naye.

Mungu awalinde nyote, awape afya na hamu ya kula.

Wako akupendaye, aliyeishiwa maneno,

Mjomba wako.