Salamu za Mama wa Tetu

Skuta,
S.L.P. 1147,
NYERI.

26 Julai 1998

Mpendwa Tata Wangechi,

Kwanza keti, ndipo usome. Nakujua, ukisoma barua umesimama jikoni chai inachemka mpaka inazima moto, halafu lawama inakuwa yangu. Habari ya Lusaka? Magoti yako yanakusumbua bado, au joto la huko limeyatuliza? Na Baba Mutahi, presha imeshuka, au angali anatia chumvi kwenye chakula kabla hajakionja?

Sisi huku ni wazima wa mwili. Ni mwezi wa saba, na unaujua mwezi wa saba wa Nyeri. Jua hatujaliona tangu wiki iliyopita, na mlima ndio kabisa, umejifunika kama mgonjwa. Ng'ombe wa Mama amezaa ndama jike. Mdogo wangu Ngendo ndiye anayekama sasa, na anasema ng'ombe huyo anamwangalia kama mgeni.

Telegramu yako ya rambirambi ilisomwa siku ya mazishi ya Mama, na watu wa Tetu waliisikiliza wametulia. Hakuna aliyekulaumu kwa kutofika. Kila mtu anajua hali ya Baba Mutahi ilivyokuwa mwezi ule wa tano, na dada yako mwenyewe angekukemea kama ungemwacha mume hospitalini ukaja kumzika yeye.

Uliniuliza ninaendeleaje. Sisikii kitu. Ni kama mkono uliolaliwa usiku, unauona ni wako lakini ukiugusa ni wa mtu mwingine. Sikulia mazishini, na watu waliona. Mzee Hezekiah wa kanisa alinishika bega akasema sasa nimekuwa mwanamume. Sikuwa mwanamume wala nini. Sikuwapo tu. Asubuhi naenda dukani kwa Govind, natengeneza redio za watu, nauza kanda, jioni narudi Skuta nalala. Ugali nauona ni ugali, ladha yake siipati.

Sasa nina jambo nataka uniamulie, kwa kuwa wewe ndiye mama aliyebaki. Lakini lazima nianzie nyuma kidogo, maana uliondoka kabla mambo yangu ya muziki hayajakomaa.

Unakumbuka Mama na kadi zake za salamu. Kila Jumapili redio iko juu ya kabati, yeye ameketi na kalamu, anasalimu ukoo mzima kuanzia Tetu mpaka Lusaka. Basi mimi nilipoanza kuimba kwa kufoka, mwaka wa themanini na nane, sikuwa na hadithi za mitaa ya Amerika. Nilichokijua ni salamu. Nikawa nasimama kwenye kumbi za shule, nasalimu watu kwa mdundo, kwa majina yao, kama mtangazaji aliyekunywa kahawa nyingi. Mama aliuita muziki huo ugomvi wenye ngoma. Lakini alicheka.

Sasa nina miaka thelathini na mmoja, na katika kazi hii huo ni uzee. Wanafunzi wananiita Guka, yaani babu, na sijapata hata mke wa kunizalia mtoto, sembuse mjukuu. (Usianze, Tata.) Wenzangu wote wa wakati ule wameacha. Mmoja anauza mbolea Karatina, mwingine ni mhubiri. Kila mwaka huja kijana mpya kutoka Nairobi mwenye suruali inayotosha watu wawili, anashangiliwa, na mwaka unaofuata hakuna anayemkumbuka. Mimi bado naitwa. Watu huniuliza dawa yangu ni nini.

Nilidhani ni kwa sababu nawataja. Kabla ya kupanda jukwaani huwa nauliza majina ya wageni wa kidato cha kwanza, nao wakijisikia wametajwa mbele ya shule nzima, wamekwisha. Lakini Govind aliniambia kitu kingine, akiwa anapangusa kanda zake bila hata kuniangalia. "Wimbo yako iko kama sare ya shule, Ngatia. Mtoto natoka, mtoto naingia, sare iko ile ile."

Na ni kweli. Katika shule hii ya hapa Skuta, wale wa kidato cha kwanza, mamono, wakifika tu hufundishwa na wakubwa wao kiitikio cha wimbo wangu. Mono asiyekijua huchoteshwa maji wiki nzima. Kwa hiyo wanaujua wimbo kabla hawajaniona, na wengine hawajui kabisa kwamba nipo hai. Ubeti wenyewe ni huu wa mwisho. Mimi nasema:

Nimesalimu Skuta, nimesalimu mjini,
nani nimemsahau, niambieni ni nani?

Nao wanajibu ukumbi mzima:

Mama huko Tetu!
Mama huko Tetu, lala bila wasiwasi,
sweta nimeivaa, na uji nimeshiba, basi.

Unajua mwenyewe maneno hayo yalikotoka. Dada yako hakuwahi kuniuliza swali lingine isipokuwa kama nimekula na kama nimevaa sweta.

Mwezi huu zamu ya shule hiyo ikafika tena. Nilimwambia Ngendo nitakwenda kwa sababu niliahidi mapema, lakini ubeti huo nitauruka, na baada ya hapo naacha muziki. Ngendo akasema, "Kama utaacha, acha. Lakini usiache ukisema ati ni Mama amekuachisha."

Jumamosi ya wiki iliyopita nikaenda. Nikasimama, nikasalimu, nikataja majina ya mamono, wakapiga kelele, na mimi sikusikia chochote ndani yangu, kama mtu anayesoma bei za viazi. Nikafika mahali penyewe. Sikusema nimesalimu Skuta. Nikamwashiria kijana wa mitambo aweke ngoma ya wimbo mwingine.

Hawakukubali, Tata. Walidhani nimesahau, maskini Guka na uzee wake. Halafu wale mamono waliokuwa mbele wakaanza wenyewe, na wakubwa wakawafuata nyuma. Ubeti wote. Walinisaidia kama unavyomsaidia mzee kupanda ngazi. Watoto mia kadhaa, wengi wao hawajafika Tetu hata siku moja, wakamwambia Mama alale bila wasiwasi. Mimi nilisimama na kipaza sauti nimekishusha. Hawakujua walichokuwa wakisema, na ubeti waliusema wote mpaka mwisho.

Sikulia. Lakini nilihisi baridi miguuni. Baridi ya kawaida ya mwezi wa saba, ambayo watu wote walikuwa wakiilalamikia tangu mwezi uanze na mimi nilikuwa siioni.

Nilipokuwa nakunja nyaya, msichana mmoja wa kidato cha kwanza akanijia na wenzake wakimsukuma kutoka nyuma. Akaniuliza, "Guka, kwani huyo mama wa Tetu ako? Sisi tulidhani ni wa wimbo tu."

Nikamwambia ni mtu, ni mama yangu.

Akawageukia wenzake akawaambia, "Si niliwashow ni mtu?" Kisha akaniambia, "Basi ukienda home umsalimie."

Nikamwambia salamu zitafika. Na wewe unajua tulivyolelewa, salamu ukishapewa huwezi kukaa nazo. Mama angetutoa usiku kwenye mvua kupeleka salamu za mtu aliyepita barabarani. Kwa hiyo Jumapili nilipanda Tetu, nikapita kando ya shamba la kahawa mpaka kwenye kaburi, nikavua kofia. Nikamwambia wale wa kidato cha kwanza wamemsalimu. Nilimtajia majina niliyoyakumbuka. Kisha nikaona natetemeka, nikaingia ndani kutafuta sweta. Ngendo alinitilia uji, nao ulikuwa wa moto, na ulikuwa na ladha ya uji. Nikamaliza bakuli nikaomba jingine.

Lakini kulikuwa na watu njiani wakitoka kanisani, na Mzee Hezekiah aliniona. Jioni alimwambia Ngendo kwamba kusalimu wafu si Ukristo, na kwamba habari za wimbo ule amezisikia pia, na angependa uishe. Si mtu mbaya. Ndiye aliyewatangulia vijana kuchimba kaburi la Mama. Ila neno lake limenikaa, kwa sababu shule nyingine ya upande wa Othaya imeniita mwezi wa kumi na inangoja jibu, na mimi sitaki kumvunjia Mama heshima mbele ya kanisa lake.

Ndilo jambo nililotaka uniamulie. Ukisema ubeti uishe, nitauondoa, na bila ubeti huo sioni ninachobaki nacho cha kuimba. Ukisema ubaki, nitamwendea Mzee Hezekiah mwenyewe nizungumze naye kwa adabu. Sitakasirika kwa jibu lolote. Hasira nayo bado haijanirudia.

Nisalimie Baba Mutahi, umwambie chumvi awaachie mbuzi. Nisalimie Mutahi na wadogo zake, na yule jirani yako aliyetutumia kitenge. Ngendo anakusalimu, na Govind pia, ingawa hamjaonana. Mama anakusalimu sana, anauliza kama magoti unayapaka mafuta.

Tata, hapo juu kwenye salamu za Mama kalamu imekwenda yenyewe, kama inavyokwenda kila mara nikifika mwisho wa barua ya kukuandikia. Nilitaka kukata mstari huo. Nimeuangalia mpaka chai yangu ikapoa, na nimeuacha ubaki. Naona jibu langu nimekwisha kulipata, lakini niandikie lako hata hivyo.

Mungu aitunze nyumba yako, na akupe usingizi mwema.

Mwanao akupendaye,
Ngatia