Tuta la Magdalena

Bagamoyo, Jumanne jioni, masika ya 1886

Na bado Padre hakuridhika. Haradali ya misheni imenifika kiunoni, maua ya njano shamba zima, naye akaenda kusimama kwenye tuta moja tu, lile la mwisho kando ya nyumba yangu.

"Hili mbona limedumaa?"

Nikamwambia limetiwa samadi peke yake. Mengine yote nilichanganya kama alivyonifundisha: kwanza samadi ya mbuzi iliyooza vizuri, kisha, baada ya palizi, shura kidogo, ile chumvi nyeupe, kwenye maji. Inafaa kweli. Sibishi.

Aliyebisha ni Magdalena, mke wangu. Shura ndiyo inayotengenezewa baruti, na kwao Mkange bunduki ndizo zilizomaliza kijiji, yeye akachukuliwa mtumwa.

"Baba Yosefu, hiyo mimi siili," aliniambia. "Tia huko kwingine, tuta langu uliache."

Nikamcheka. Nikasema mmea haujui vita.

Mbegu za tuta lile alizipanda kwa mkono wake, wiki ile ile homa ilipomwanza. Zilipoota, tulikuwa tumeshamzika.

"Kesho litie shura," Padre akasema. Nikaitikia, "Ndiyo, Padre," kama kawaida yangu.

Shura ikiyeyuka haionekani. Kesho nitalimwagia maji matupu, taratibu, mbele ya macho yake, mpaka aridhike aondoke.

Lidumae tu. Sina kingine kilichobaki cha kumfanyia Magdalena.